Skurubu Katikati ya Betri

Habari hii nimekwisha kuiandika mara mbili, na mara zote mbili nimejipendelea. Mara ya kwanza nilimfanya baba mkwe wangu kuwa mtu mgumu. Hakuwa mgumu. Mara ya pili nilisema kwamba nilikuwa kijana. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, baiskeli yangu mwenyewe, nyumba ya kampuni pale Kapata yenye namba juu ya mlango, mke na mtoto. Mtu wa namna hiyo si kijana. Basi naandika tena, na mahali ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Shule niliiacha mwaka wa nne, sehemu ya ufundi, na mkono wangu unakwenda polepole.

Kwetu, mwanamke wa mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake, akazalie huko. Mume anabaki akisonga bukari yake mwenyewe, ugali wa mtu mmoja. Mtoto akishakaza shingo, wazazi wa mke wanamrudisha binti yao, na siku hiyohiyo wanamwingiza mkwe. Wanakuja na chakula alichopika mama mkwe kwa mikono yake, kuku mzima, samaki, sahani zimefunikwa, na mkwe anakula mbele yao. Kabla ya siku hiyo haingii uani kwao bila kuitwa. Mama mkwe hamtazami usoni. Baba mkwe hampi agizo lolote, hata la kumwambia asogee kidogo. Baada ya siku hiyo anakuwa mtoto wa nyumba, anaweza hata kuchungulia chungu jikoni.

Mimi nilikuwa sijaingizwa. Mke wangu alikuwa kwao tangu kiangazi. Alizaa mtoto wa kike, na hadi mvua za kwanza nilikuwa nimemwona mtoto huyo mara nne, kwa juu ya ua, amefungwa ndani ya kitenge. Mara moja alikuwa macho.

Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa unga, na shemasi katika kanisa la Waprotestanti. Alikuwa na kombi kuukuu iliyoachwa na masista wa misioni, rangi ya maziwa, na kila juma aliipeleka Fungurume na kurudi. Gari lile lilitengenezwa la volti sita, kama magari mengi ya umri wake. Zamani hilo halikuwa neno. Betri za volti sita alikuwa akiziuza Mgiriki mmoja mjini. Maduka ya wageni yalipotolewa kwa wenyeji, mwenyeji aliyepewa duka lile aliuza kilichokuwamo, na rafu zikabaki rafu. Betri za malori, za volti kumi na mbili, zilikuwa bado zinapatikana. Za sita zikaisha Kolwezi nzima. Baba mkwe alikuwa akiegesha kombi kwenye mteremko kila jioni ili asubuhi iteremke yenyewe na kuwaka.

Mwezi wa kumi akamtuma shemeji yangu mdogo aniite. Nilikaa kwenye kiti kifupi kando ya mlango, macho chini. Mimi ni fundi umeme wa magari katika ateliye, karakana ya mgodi wa Mashamba. Hilo alilijua vizuri.

"Bukwe," akasema, "unaweza kutia hii mutuka volti kumi na mbili?"

"Ninaweza, tata."

"Ninaweza ya kweli, ao ninaweza ya heshima?"

"Ya kweli, tata."

Akacheka. "Basi. Ikipona, yeye njo itamuleta bibi yako. Mi sitaki mutoto wangu atembee mpaka Kapata na masahani ku kichwa, kama anauza mihogo. Atashuka mu mutuka ya baba yake, bantu baone."

Aliniheshimu kwa maneno yale, na nataka isomeke hivyo. Angeweza kudai vitu vingine. Alidai kazi ninayoiweza.

Nilifanya kazi Jumamosi nne, baada ya Salongo, tulipokwisha kufyeka majani ya barabara kama ilivyoamriwa. Kombi ililetwa kwenye uwanja nyuma ya kanisa lao, kwa kuwa uani kwao sikuweza kuingia na kutoka nipendavyo. Nilibadilisha dinamo, na kile kisanduku kinachopima chaji. Nilibadilisha bobini, ile inayotoa cheche za kuwashia. Balbu zote nilizitoa, moja baada ya nyingine, hata ile ndogo ya dashibodi, maana balbu ya volti sita ukiipa kumi na mbili inang'aa mara moja tu halafu inakufa. Vyombo hivyo vilitoka katika lori lililofutwa hesabuni, na shefu wangu aliniandikia karatasi. Demarere, ile mota inayoamsha injini, niliiacha ya zamani; inavumilia, na kwa volti kumi na mbili inazungusha injini kwa nguvu mpaka mtu anaruka. Baba mkwe aliposikia mlio wake mpya alipiga makofi mara moja, kama kanisani.

Kilibaki kitu kimoja. Mota ya vifuta kioo.

Nayo ilikuwa ya volti sita. Ukiipa kumi na mbili, vifuta vinapiga kioo kama mtu aliyepandwa na pepo, halafu mota inaungua. Ya kumi na mbili yenye umbo lile haikupatikana. Dawa yake ninaijua leo, na niliijua hata siku ile: unatia njiani waya wa upinzani, ule wa kujiviringisha unaowaka ndani ya jiko la umeme, nao unakula nusu ya nguvu. Lakini waya huo sikuwa nao, na kuutafuta kungechukua siku kadhaa. Halafu, niseme ukweli, nilijua njia nyingine ambayo mafundi wengine hawakuijua, na nilitaka kuonekana.

Betri za wakati ule zilikuwa na vyumba sita, kila chumba volti mbili, na madaraja ya risasi yanayounganisha chumba na chumba yalionekana juu, katika lami nyeusi. Unatoboa daraja la katikati, unakaza skurubu, unafunga waya. Kutoka hapo unapata volti sita safi. Betri moja, nguvu mbili. Nilifanya hivyo katika ateliye, nilikopeleka betri na mota yenyewe pamoja na vifuta vyake, navyo vikaenda taratibu, kushoto, kulia, vizuri kabisa.

Shefu wangu alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, Mwislamu, baba yake alitoka upande wa Kasongo, mtu asiyepoteza neno. Aliinama juu ya betri, akagusa skurubu yangu kwa kidole.

"Hii ulifundishwa na nani?"

"Na wewe, shefu."

"Nilikufundisha kwa redio. Redio haikule. Mota inakula." Akaonyesha vyumba vitatu vya upande mmoja. "Hii tatu itafanya kazi mbili. Ile tatu itafanya moja. Dinamo inachaji bote sawasawa. Hii itakufa na njaa, ile itachemuka. Kisha mvua tatu, ine, betri imekwisha."

"Nitakuwa ninaichaji hapa, shefu, kila juma. Ule upande mmoja tu."

"Basi umuambie mwenye mutuka. Umuambie wazi: kila Jumamosi ulete betri. Na mvua kidogo, usiwashe."

Nikasema nitamwambia.

Hapa ndipo ninaposimama kila mara nikiandika. Kumwambia baba mkwe wangu "kila Jumamosi ulete betri" ni kumpa baba mkwe agizo, tena agizo la kuja kwangu. Sijui kama mtu wa mahali pengine anaweza kuelewa jinsi neno hilo linavyokataa kutoka mdomoni. Nilisimama kando ya kombi siku ya kuikabidhi, mikono nyuma. Yeye alikuwa amevaa abakosti ya kijivu, suti ile isiyo na tai, anafuta kioo kwa kitambaa ingawa kilikuwa safi. Niliyakumbuka maneno yote ya shefu. Yaliyotoka ni haya:

"Tata, ile ya kufuta kioo, kama mvua haiko mingi, inaweza kupumuzika kidogo."

"Aa, ipumuzike," akasema. "Hata mi ninapumuzika." Akacheka, nami nikacheka. Ndiyo maelezo yote aliyopata. Hakuambiwa juu ya skurubu, wala juu ya vyumba vitatu. Akaondoka na kuwasha vifuta njia nzima kwa sababu ya manyunyu, kama mtu yeyote angefanya, na alikuwa na haki.

Niliwaza kwamba nitapata namna. Nitamwambia shemeji mdogo amwambie. Shemeji alikuwa na miaka tisa. Nitamwambia mke wangu. Mke wangu nilimwona kwa juu ya ua siku za Jumapili, dakika chache, mama yake akiwa nyuma ya mlango wa jiko akisikia kila neno, na kwa hiyo tuliongea juu ya kikohozi cha mtoto na bei ya sabuni. Yote haya ni kweli. Pia ni kweli kwamba mtu anayetaka kusema hupata mahali.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ilinyesha bila huruma. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara niliyopita kila asubuhi na baiskeli kwenda kazini, na saa ile baba mkwe alikuwa anawasha kombi. Kwa hiyo nilikuwa ninaisikia. Fundi umeme hahitaji kufungua boneti. Majuma ya kwanza demarere ililia kama siku niliyoitengeneza, mara moja, injini juu. Baadaye ililia mara mbili. Baada ya Mwaka Mpya ilianza kuvuta, kama mzee anayeinuka kitini. Kila asubuhi nilipunguza mwendo mbele ya ua wao, nikasikiliza, nikakanyaga tena.

Siku ya kuletwa mke wangu ilipangwa Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, baada ya ibada. Jumanne ya juma lile nilisikia demarere inazunguka nusu na kugoma. Alhamisi sikuisikia kabisa: nilisikia watu wanasukuma, na sauti ya baba mkwe inahesabu, moja, mbili. Nilipita. Niliinamisha kichwa kama mtu anayekwepa mvua, na asubuhi ile haikuwa ikinyesha.

Ijumaa nikitoka kazini mke wangu alikuwa amesimama barabarani, nje ya ua, peke yake, mtoto mgongoni. Tangu alipozaa ilikuwa mara ya kwanza kutokea nje namna ile. Alikuwa ameningoja.

"Bwana yangu," akasema, "baba anasema betri imechoka kidogo tu. Mama anakamata kuku kesho. Mi ninakuuliza wewe fundi: mutuka iko sawa?"

Nikamtazama mtoto. Alikuwa ameshika kidole cha mama yake, ameweka mdomoni.

"Iko sawa," nikasema.

"Sawa kabisa?"

"Kabisa."

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini. Ningesema hapana, angemwambia baba yake jioni ile. Baba yake angeniita. Ningechukua betri hadi ateliye usiku kucha, ningechaji upande ule wenye njaa, na Jumapili kombi ingewaka. Nilikuwa na siku nzima na nusu. Lakini angeniuliza pia sababu, na ningelazimika kuonyesha ile skurubu, na kueleza kwamba nilijua tangu mwezi wa kumi na mmoja. Niliogopa kuonekana fundi wa nusu kazi siku mbili kabla ya kuingizwa. Nikahesabu: gari litasukumwa, litawaka, ni mwendo mfupi, likishawaka dinamo italibeba. Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Mvua sikuitia ndani yake.

Jumapili nilifagia nyumba tangu alfajiri. Majirani walinikopesha viti. Saa sita mawingu yalishuka upande wa machimbo, na saa saba mvua ikaja, ile ya mwezi wa kwanza inayofunga mlango mbele yako. Tulikaa ndani, mimi na majirani watano, tukiangalia sahani tupu. Jirani mmoja akasema, "Bakwe bako bamesimama kungoja mvua ipunguke." Saa tisa akasema tena. Saa kumi wakaanza kurudisha viti kwao, kimoja kimoja, bila kuniaga sana.

Yaliyotokea niliyasikia baadaye, kwa watu watatu, na wote watatu walikubaliana. Kombi ilisukumwa ikawaka. Ndani walikuwa wanane, na sahani. Mvua ilipopiga, baba mkwe akawasha vifuta. Upande ule wa betri ulikuwa hauna kitu tena. Vifuta vilipanda nusu ya kioo na kusimama pale. Akaendelea kidogo kichwa kikiwa nje ya dirisha, abakosti imelowa. Kwenye kilima kabla ya Kapata, mbele ya baa iliyojaa watu, alipunguza mwendo kwa sababu haoni, injini ikazimika. Akazungusha ufunguo. Hakuna.

Watu wa baa walitoka barazani na chupa zao.

"Tata shemasi! Omba malaika ashuke asukume!"

"Volti kumi na mbili hiyo, iko mu likizo!"

"Mama, mupe mutuka bukari, iko na njaa!"

Baba mkwe alishuka, akasukuma. Mtu wa miaka sitini. Shangazi za mke wangu walishuka na vitenge vyao vipya, wakasukuma ndani ya maji mekundu. Kupanda kilima haikuwezekana. Watu wa baa wakaweka chupa chini, wakasaidia kuigeuza ili iteremke, na kuteremka maana yake ni kurudi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumchukua mtoto, amemfunika kwa kitenge chake mwenyewe, na amerudi kwa miguu, peke yake, kichwa wazi. Chakula cha kumwingiza mkwe kikishatoka nyumbani hakirudi jikoni, si vizuri. Waliosukuma walikuwa wamelowa na walistahili. Wakafunguliwa sahani pale pale barabarani. Kuku wangu aliliwa na watu wa baa.

Jumatatu nilikuwa zamu ya mchana. Asubuhi nilikwenda kwa jirani mwenye jiko la umeme lililokufa, nikamwomba ule waya wa kujiviringisha, akanipa bure. Nikaenda kwa wakwe zangu na mfuko wa vyombo. Sikuitwa. Nilipiga hodi nikaingia uani. Mama mkwe aliyekuwa anachambua mboga alivuta kitambaa usoni, akaingia jikoni.

Baba mkwe alikuwa ameketi karibu na kombi, blanketi mabegani, anapiga chafya. Hakuniambia ondoka. Niliinama, nikatoa skurubu katikati ya betri, nikaziba tundu kwa risasi, nikafunga ule waya wa jiko kwenye njia ya vifuta, juu ya kipande cha chuma ili usiunguze kitu. Ilinichukua nusu saa. Nusu saa, na waya wa bure.

"Ulijua?" akauliza nyuma yangu.

"Nilijua, tata."

"Tangu siku gani?"

"Tangu siku nilikupatia funguo."

Akavuta blanketi lake. "Kila asubuhi ulikuwa unapita hapa na baiskeli. Nilikuwa ninakuona. Unapunguza, kisha unaenda. Nilikuwa ninamuambia mama: ona bukwe wetu, mutu wa heshima, hasimame ku mulango ya bantu bila kuitwa."

Nilirudisha vyombo mfukoni, kimoja kimoja.

"Mi sikukatazi bibi," akasema. "Muulize yeye mwenyewe." Akainuka, akaenda ndani na blanketi lake, ili tuongee.

Mke wangu alikuja. Mtoto alikuwa mikononi mwake, pua zinatiririka, macho mazuri. Nilimwambia yote: waya, skurubu, vyumba vitatu, kwamba ulimi haukuweza kumwagiza baba yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Baba yangu ulimuogopa, ninaelewa," akasema. "Ni heshima. Hata mi ninamuogopa. Lakini Ijumaa nilitoka ku barabara, nikakuuliza mi. Bibi yako. Kwa mi, ulikuwa unaogopa nini?"

"Niliona aibu."

"Na kesho mutoto akiwa na homa, nikuulize umenunua dawa, utaniambia iko sawa?"

Nilisema hapana. Nilisema haitatokea. Nilisikia mwenyewe kwamba ninasema kwa sauti ileile ya Ijumaa, naye aliisikia, na Kapata hakurudi tena.

Kwa haki, wapo waliomlaumu. Shangazi zake walimwambia mume asiyepiga wala kulewa haachwi kwa ajili ya betri, na nadhani hata baba yake alingoja abadili nia. Nilikwenda tena mara nyingi mwaka ule. Kombi ikawa inawaka vizuri kila asubuhi. Hakubadili. Baadaye aliolewa na mwalimu huko Fungurume, na mtoto akaenda naye. Sioni kosa lake, na nimelitafuta.

Asubuhi ile ya Jumatatu alinyoosha tu mkono, akanipa bisibisi niliyoisahau juu ya tairi.

"Enda ku kazi," akasema. "Utachelewa."

Sikuchelewa. Nilifika kabla ya king'ora, nikaandikwa nipo.